KITU KIKISHAKUFA NI MALI YA NANI?

Mama mmoja wa Bunda, mjane, auzaye soda na maji baridi kando ya barabara kuu iendayo Musoma, ametuletea barua ya kurasa mbili. Hakupenda jina lake litajwe, nasi hatulitaji. Yaliyomo katika barua hiyo ni machache, lakini yametushughulisha zaidi ya juma zima. Maana kila tulipodhani tumekwisha kupata jibu, jibu lenyewe lilitugeuka mikononi.

Habari yake ndiyo hii. Jokofu lake, ambalo ndilo lililokuwa likimlishia watoto, liliacha kugandisha. Akalipakia juu ya guta, akalipeleka kwa fundi, kijana aliyepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Fundi akalipima, akamwambia, “Mama, kompresa imekufa. Kuweka nyingine ni fedha nyingi.” Mama akafikiri kidogo, akajibu, “Basi mwanangu, liache hapo kwanza. Nikipata fedha nitakuja.” Akaenda zake. Vuli ikapita, masika yakapita. Mwezi wa tisa mama akarudi, fedha mkononi, akakuta ganda tupu. Mlango upo, rafu zipo, lakini kompresa imepasuliwa na nyaya zake za shaba zimekwisha kuuzwa. Themostati imo ndani ya jokofu la mtu mwingine. Mabomba ya nyuma hayapo. Kijana hakukana neno. Alisema tu, “Mama, nilikuambia limekufa, ukaliacha. Nilijua umelitupa.” Sasa mama anatuuliza: Je, nimeibiwa, au sikuibiwa?

Wako watakaocheka na kusema kwamba mhariri hana kazi, akikaa kitako kupima kesi ya jokofu bovu wakati nchi ina mambo makubwa. Sisi hatuoni hivyo. Katika mambo makubwa mtu huitwa kuamua mara moja au mbili maishani mwake. Lakini redio, pasi, feni, televisheni na simu zimo katika nyumba nyingi zilizofikiwa na umeme, na kila kimojawapo kitakufa siku moja. Siku hiyo mwenye nyumba hufanya jambo ambalo hajawahi kulifikiria hata kidogo: humpa mtu, au hukiacha kwa fundi, au hukitupa nyuma ya choo, akidhani kwamba habari ya kitu hicho imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Apitaye barabara ya Mukendo mjini Musoma, au karibu na stendi ya Bunda, au hata penye maduka machache ya njia panda katika wilaya ya Butiama, hawezi kukosa kuona kibanda chenye mizoga ya vyombo iliyopangwa nje kama mifupa ya ng’ombe. Asiyejua hudhani ni takataka. Kwa fundi hiyo ni ghala. Feni iliyoungua ina mota, na mota husukwa upya ikazunguka tena. Televisheni ya zamani yenye mgongo ina koili ya shaba shingoni, na spika zake zina sumaku. Bodi ya redio ina vipande ambavyo, vikifunguliwa taratibu kwa moto wa kulehemu, huiponya redio nyingine ambayo mwenyewe amekata tamaa. (Wazazi na wasikie hapa: kapasita ya televisheni, na zaidi ile ya maikrowevu, huhifadhi umeme hata waya ukiwa umechomolewa ukutani, nayo yaweza kumwua mtu. Kazi hii si mchezo wa mtoto wakati wa likizo.)

Sisi twaistahi kazi hii. Kiwanda kilicho mbali hutengeneza redio ili iuzwe. Kijana wa Bunda huifanya iishi mara ya pili na ya tatu kwa bei ambayo mkulima wa pamba aweza kuilipa. Hata hivyo watu humwita fundi huyo mwokota vyuma, na mzazi mwenye binti hatamani posa itoke upande huo. Jambo hili si jipya katika Mara. Zamani, kwa Wazanaki, Waikizu, Wakuria na jirani zao, kufua chuma kulikuwa kazi ya watu maalumu walioitwa Waturi. Kila mtu alilihitaji jembe lao na mkuki wao, lakini wengine hawakuoana nao. Mtu aliyejua kuyafanya mambo ya moto na chuma alihitajiwa na kuogopwa kwa wakati mmoja. Siku hizi moto umekuwa wa umeme, na jicho la kumwangalia fundi bado ni lile lile.

Basi turudi kwa mama na jokofu lake.

Watu wa kale wa Roma walilipima swali hili vizuri, na katika seminari kuu vijana bado hulisoma, ijapokuwa hulisoma kwa mifano ya mashamba na hazina zilizofukiwa. Walisema kwamba kitu ambacho mwenyewe amekiacha kwa nia ya kutokuwa nacho tena si cha mtu. Wa kwanza kukitwaa ndiye mwenye mali. Lakini papo hapo wakaweka mfano ambao mvuvi wa Musoma aufahamu bila mwalimu. Tufani inapopiga, na chombo kikaanza kujaa maji, wenye chombo hutupa mizigo majini ili waokoke. Je, wameitupa mali? La. Wameuokoa uhai wao. Gunia la dagaa likisukumwa na mawimbi mpaka pwani, alionaye na kulitwaa, akijua lilivyofika pale, ametwaa mali ya mtu. Sheria zilizokusanywa na Kaisari Justiniano katika karne ya 6 zasema hivyo waziwazi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, karne 7 baadaye, alipoandika juu ya wizi, alifuata njia hiyo hiyo: aokotaye kitu akiamini kwa haki kwamba kimeachwa, hatendi wizi, lakini kitu ambacho mwenyewe hakukiacha, bado kina mwenyewe, hata kikilala njiani.

Kwa hiyo swali si mahali kitu kilipolala, wala si muda kilipolala. Swali ni nia ya mwenyewe. Nasi twaijua nia ya mama: alisema, “Nikipata fedha nitakuja.” Mtu wa sheria angefunga kitabu hapa. Hata Sheria ya Mikataba ya nchi yetu humpa fundi haki ya kukishikilia kitu alichokifanyia kazi mpaka alipwe ujira wake; haimpi haki ya kukivunja.

Lakini sisi tunaishi kati ya Waswahili, si kati ya vitabu, na hapa ndipo jibu linapoanza kutuponyoka. Nani kati yetu hajawahi kusema “nitakuja” akijua moyoni kwamba haji? Katika adabu yetu si uungwana kumwambia fundi usoni, “Sina fedha, na jokofu hili silitaki tena.” Neno hilo lingemwaibisha asemaye na kumhuzunisha aambiwaye. Kwa hiyo twasema “nitakuja”, “tutaonana”, “liache hapo kwanza”, na yule asikiaye hujifunza kupima sauti badala ya maneno. Fundi huyu, katika miaka yake michache ya kazi, amekwisha kuambiwa “nitakuja” na watu wengi sana, na wengi wao hawakuja. Chumba chake kina upana wa hatua nne. Angeyashika maneno yote ya namna hiyo kama yalivyosemwa, leo angefanya kazi barabarani.

Twataka wasomaji wetu walione jambo hili, kwa sababu sehemu ya kosa ni yetu sote. Adabu ni kitu chema. Lakini adabu inayomwachia mwenzako mzigo wa kubahatisha nia yako haimsaidii, yamtega tu. Mama alikuwa mkweli, fedha alizitafuta kweli kweli, akazileta. Ila alitumia maneno yale yale yatumiwayo na wale wasio na nia ya kurudi, na kwa miezi minane hakutuma hata salamu. Jokofu ni kitu kikubwa. Lilikaa bure katika chumba ambacho kijana analipia kodi kila mwezi. Hilo nalo ni deni, hata kama hakuna aliyeliandika.

Kanisa lina kanuni ya zamani, iliyowekwa kati ya kanuni za sheria na Papa Bonifasi VIII mwaka 1298, isemayo kwamba anyamazaye huonekana amekubali. Kijana akiijua angeweza kujitetea nayo. Lakini wataalamu wameifafanua siku zote kwa namna hii: kunyamaza ni kukubali pale tu ambapo mtu alipaswa kusema na aliweza kusema. Mama hakujua kwamba kuna swali linalongoja jibu lake. Hakuulizwa. Nambari yake ya simu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya mlango wa jokofu lenyewe. Barua yake yasema kwamba bado inasomeka hadi leo.

Kupiga simu kungalimgharimu kijana shilingi chache. Mbona hakupiga? Hapa tumefika penye kiini cha kesi, na twaomba uvumilivu wa msomaji.

Fundi aliposema “kompresa imekufa,” alisema kweli. Ila alisema nusu ya kweli. Kompresa ikifa haifi yote. Haiwezi kusukuma gesi tena, hiyo ni kweli. Lakini ndani ya lile kopo jeusi kuna mota yenye nyaya za shaba, na mabomba nayo pengine ni ya shaba, na shaba haifi kamwe. (Katika majokofu mengine ya siku hizi nyaya hizo ni za alumini, na fundi mgeni wa kazi hujua hilo baada ya kutoka jasho.) Themostati hai ni hai. Relei ni hai. Feni, ikiwapo, ni hai. Mama aliposikia “imekufa” aliona mzoga. Kijana aliposema “imekufa” aliona duka. Wote wawili walisimama mbele ya kitu kimoja, mmoja akajua thamani yake, mwingine hakujua. Ndiyo maana simu haikupigwa. Kuuliza kungalikuwa kumwamsha aliyelala.

Je, mtu anayejua analazimika kumwambia asiyejua? Swali hili nalo ni la kale. Cicero, Mrumi, alisimulia kisa cha mfanyabiashara aliyefika kisiwani Rhodes na shehena ya nafaka wakati wa njaa. Alijua kwamba nyuma yake merikebu nyingine zinakuja na nafaka tele. Je, awaambie wenyeji, bei ianguke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili walibishana. Mmoja alisema kunyamaza si kudanganya, mwingine alisema kwamba binadamu hana haki ya kumficha binadamu mwenzake jambo linalomfaa. Mtakatifu Thoma alipolifikia swali kama hilo aliwashangaza wengi, maana alisema kwamba muuzaji yule halazimiki kwa haki kusema, ingawa akisema atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi.

Kama tungemfuata hapa kwa haraka, kijana angeponyoka. Lakini fundi si mfanyabiashara wa Rhodes. Wenyeji wa Rhodes walimwendea muuzaji kununua nafaka. Mama wa Bunda alimwendea fundi kununua ujuzi wake. Alimpelekea jokofu kama mtu ampelekavyo daktari mtoto wake: kwa kuwa hajui, na yule anajua. Mtu akilipwa, au akitarajia kulipwa, kwa sababu ya anachokijua, hawezi tena kukigawa kimya kimya, nusu ampe mwenyewe na nusu ajiwekee. Daktari hamwambii mgonjwa “mguu huu haufai” huku amekwisha kupata mnunuzi wa mguu. Fundi alipaswa kusema, “Mama, kompresa imekufa, lakini mzoga huu una thamani yake; ukitaka nitaununua, ukitaka ondoka nao.” Maneno hayo ni machache, na yangalimaliza kesi siku ile ile.

Basi jibu letu kwa mama ni hili. Hukuibiwa kama aibiwavyo mtu aliyevunjiwa mlango usiku. Lakini kilichochukuliwa kilikuwa chako, na kijana hakuwa na sababu ya kutosha ya kuamini vinginevyo, kwa kuwa njia ya kujua ilikuwa mbele ya macho yake na hakuifuata. Anakuwia thamani ya vipande alivyotumia na alivyouza. Nawe wamwia ujira wa kupima, na kitu fulani kwa ajili ya nafasi uliyoijaza kwa miezi minane. Hesabu ya mwisho itakuwa ndogo kuliko hasira iliyowafikisha hapa.

Kesi ya mama ingeweza kuishia hapo. Lakini barua yake ina sentensi moja ambayo yeye aliiandika kwa kupita tu, nasi ilitushika kuliko zote. Alisema kwamba siku ile alipofika, hakumkuta fundi chumbani, alimkuta nyuma ya nyumba, “anachoma nyaya, na watoto wa jirani wanamwangalia.”

Hapa yatupasa tujikiri sisi wenyewe kabla ya kumhukumu yeyote. Miaka michache iliyopita tulisafisha chumba cha nyuma cha ofisi yetu. Mlikuwa na feni tatu, kompyuta mbili za zamani na marundo ya nyaya. Walipita vijana na mkokoteni wakaomba. Tukawapa vyote bila bei, tukajiona wakarimu, tena tukafurahi kwamba chumba kimekuwa cheupe. Jioni tukiwa barazani tuliona moshi mweusi ukipanda nyuma ya ukuta, na harufu yake ilikaa kooni hadi asubuhi. Zilikuwa nyaya zetu. Palikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, anauza nyanya, hatua ishirini kutoka kwenye moto. Hatukusema neno, kwa kuwa vitu havikuwa vyetu tena. Ndivyo tulivyojidanganya.

Plastiki ifunikayo waya ina klorini, na mara nyingi huchanganywa na risasi. Ikichomwa motoni hutoa sumu ziitwazo dioksini, ambazo haziozi upesi. Huanguka juu ya udongo, kuku hudonoa udongo, na sumu hukaa katika mafuta ya yai. Huko Agbogbloshie mjini Accra, Ghana, vijana walichoma nyaya kwa miaka mingi, mpaka serikali ilipoibomoa sehemu ya vyuma chakavu mwaka 2021. Wachunguzi waliopima mayai ya kuku wa kienyeji wa mahali pale, wakatoa taarifa yao mwaka 2019, walisema kwamba mtu akila yai moja tu amekula dioksini za klorini kupita mara 220 ya kiasi kinachohesabiwa huko Ulaya kuwa chaweza kuvumiliwa kwa siku. Musoma si Accra, na moto wa fundi mmoja si ule wa mamia. Lakini kuku wa Bunda hudonoa namna ile ile.

Risasi nayo haina huruma. Televisheni kubwa ya zamani yenye mgongo ina zaidi ya kilo moja ya risasi ndani ya kioo chake, na fundi aitakaye koili ya shingoni hukivunja kioo hicho, vipande vikabaki penye mchezo wa watoto. Shirika la Afya la Dunia lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama. Humwingia mtoto mdogo kuliko mtu mzima, na humpunguzia akili kabla mwalimu hajamwona. Hata sufuria zisubuwazo kwa alumini ya vyombo na injini zilizochakaa zimepimwa katika nchi kadhaa za Afrika, na nyingine zikakutwa na risasi. Mtu aweza, basi, kulitupa jokofu lake mwaka huu na kulipikia uji mwaka ujao.

Gesi ya majokofu ya zamani ina habari yake. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliwafanya watengenezaji waiache, na kufikia mwaka 2010 utengenezaji wake ulikuwa umesimamishwa hata katika nchi zetu; lakini iliyomo ndani ya jokofu kuukuu imo bado, na fundi akikata bomba kwa koleo yaenda angani. Gesi ya majokofu mengi mapya yenyewe hushika moto. Tumesema hayo ili fundi asiyejua ajue kabla hajawasha kiberiti.

Sasa swali la pili laonekana, na ni zito kuliko la kwanza. Tumekubaliana kwamba nyaya za ofisi yetu zilikuwa halali kabisa kwa vijana wale, tuliwapa wenyewe. Je, haki ya mtu juu ya mali yake inafika mpaka kwenye pafu la mtoto wa muuza nyanya? Hakuna asemaye ndiyo. Lakini tazama jinsi mambo yanavyokwenda: mwenye jokofu asema, “Nimeliacha, si langu.” Fundi asema, “Nauza shaba tu, mnunuzi hataki yenye plastiki.” Mnunuzi wa vyuma chakavu asema, “Mimi napima kilo, sijui imetoka wapi.” (Na kwa kutokujua huko hujikuta amenunua pia nyaya zilizokatwa kwenye nguzo za umeme, hata kijiji kikakaa gizani.) Mali ilipokuwa na faida kila mtu aliivuta kwake, madhara yalipotokea, ghafula imekuwa haina mwenyewe. Twasema kwamba madhara hayana kitu kama kuachwa. Mtu aweza kuitupa faida ya kitu chake akitaka. Hawezi kuitupa sumu yake kwa mwenziwe na kuhesabu kwamba ametoa zawadi.

Na wakubwa wa dunia walijaribu kufanya hivyo hivyo kwa meli. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za vyombo vya umeme vilivyokwisha kazi, na hata robo yake haikujulikana imekusanywa na kushughulikiwa kwa njia iliyo halali. Katika Afrika, hata sehemu moja kwa mia haikufika. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 ulikataza kupeleka sumu katika nchi ya watu bila idhini yao, lakini mlango mmoja ulibaki wazi kwa mitumba iliyoandikwa kuwa “inafanya kazi.” Kwa ombi la Ghana na Uswisi sheria imekazwa, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za umeme, ziwe za sumu au zisiwe, hazisafirishwi bila nchi ipokeayo kukubali kwanza. Angalia kwamba dunia nzima imechukua zaidi ya miaka 30 kufikia lile ambalo tumemwambia fundi wa Bunda: uliza kwanza.

Hatumwambii fundi aache kazi. Nyaya huweza kuchunwa kwa kisu. Kazi ni ya pole pole, na shaba isiyoungua hupata bei nzuri zaidi kwa sababu haina masizi. Kioo cha televisheni kiachwe kizima, koili itolewe kwa bisibisi. Mambo haya mafundi wengi wanayajua. Wasilolipata ni mteja akubaliye kungoja, na mnunuzi akataaye shaba nyeusi. Na hapo sisi wenye nyumba twaweza kitu, kwa kuwa kabla ya kutoa chombo twaweza kuuliza kitachomwa au kitachunwa, na ikibidi kukitoa kwa fundi wa mbali kidogo aliye mwangalifu.

Mwezi uliopita tulipita Butiama tukaingia katika makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Humo vimehifadhiwa vitu vyake, na vingine ni vya kawaida kabisa, vya aina ambayo fundi angevipima kwa jicho moja na kuvitupa upande. Wageni huvitazama kwa heshima kwa sababu wanajua mkono uliovitumia. Tulipotoka nje tulikuta kijana chini ya mti amefungua redio juu ya gunia, skrubu zake amezipanga mstari mmoja kwa ukubwa wake, ili asipoteze hata moja. Tulimwuliza ya nani. Akasema ni ya bibi mmoja wa kijiji cha jirani, na kwamba haitapona, lakini amemwambia bibi, naye bibi amesema spika apewe mjukuu.

Barua ya pili kutoka Bunda ilitufikia wakati gazeti likiwa tayari kwa mtambo. Mama alimpelekea kijana jibu letu la kwanza, tulilokuwa tumemtumia kwa mkono. Walikaa na mzee wa mtaa mmoja. Kijana alikubali kumuundia jokofu kutokana na mawili yaliyokufa, mama akilipia gesi na kompresa iliyotumika, na kodi ya miezi minane wakaifuta kwa thamani ya shaba. Kijana amenunua daftari, kila aachaye chombo huandika jina, simu na tarehe, na neno “kichomoe” au “kitunze.” Mama anasema daftari hilo linawaudhi wateja wengine.

Ganda la jokofu la kwanza, ambalo halikuwa na kazi kwa yeyote kati yao, lilinunuliwa na mchuuzi wa samaki. Sasa liko Musoma, kwenye mwalo wa Mwigobero, limelazwa chali, limejaa barafu na sangara, na nambari ya simu ya mama bado iko juu ya mlango. Mara mbili sasa amepigiwa na watu waulizao bei ya samaki.